Mpando wa Ngomo na tundu nililolipanua

Dereva alirudi siku ya tatu. Kwa kawaida akifika garaji yetu hapa Kadutu, Bukavu, hupiga honi mara mbili na kuniita "mdogo wangu" kabla hajashuka. Siku hiyo aliegesha nje, akafunga mlango polepole, akaja hadi nilipokuwa nimeinama, akasema: "Jambo, fundi." Niliposikia "fundi" nikajua kuna neno.

"Gari haipande," akaniambia. "Kule chini Kamanyola inakimbia vizuri, hata kupita zamani. Lakini Ngomo imenishinda. Nilikuwa napandaka na ya pili, leo nimeingiza ya kwanza tangu kona za chini, na maji imechemka mara mbili. Ulifanya nini mule ndani?"

Nilichofanya mule ndani nilikifanya kwa moyo mweupe, na ndiyo maana kiliniuma.

Asiyeijua Ngomo aelewe hivi. Uvira iko kando ya Ziwa Tanganyika, karibu mita 770 juu ya bahari. Bukavu iko kando ya Ziwa Kivu, na maji ya Kivu yenyewe yako karibu mita 1,460. Nyumba zetu zimepanda vilima kutoka hapo. Ukitoka Uvira unakimbia kwenye tambarare ya Ruzizi hadi Kamanyola, halafu barabara inaanza kujikunja kwenye mlima: kona juu ya kona, vumbi kiangazi, matope masika, bonde upande mmoja. Wengine huikwepa kwa kuzunguka Rwanda kupitia Bugarama. Mwenye mzigo na asiye na pesa za mpakani hupanda Ngomo. Dereva wangu alikuwa anabeba mchele wa tambarare na ndagala (dagaa) wa Uvira katika Hilux yenye injini ya 22R, ile ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,366, supapu mbili kwa kila silinda, na karburata.

Alikuwa ameniletea gari kwa sababu gasketi ya kulasi iliungua. (Kulasi, kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, ndiyo silinda hedi, na supapu ndizo valvu zenu. Sisi tulipokea maneno haya pamoja na vitabu vya Kifaransa.) Nikaifungua kulasi, nikaisafisha, nikaweka rula ya chuma juu ya uso wake na kupitisha fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, chini yake. Katikati, kati ya silinda ya pili na ya tatu, fila ya milimita 0.15 ilipita bila kusukumwa. Mimi huwa sivumilii zaidi ya milimita 0.05 kwenye kulasi ya aluminiamu. Nikaipeleka ikasawazishwe uso kwa mashine. Hadi hapo kazi ilikuwa sahihi, na ningeishia hapo gari lingepanda Ngomo kama zamani.

Lakini siku zile nilikuwa nimeona picha za injini za mashindano, matundu yake ya kuingizia hewa mapana kama kikombe cha chai na yanang'aa kama sufuria mpya. Nikawaza hewa yetu. Usawa wa bahari shinikizo la hewa ni kama hektopaskali 1,013. Hapa Bukavu tunabaki na kama 845. Maana yake kila pumzi ambayo injini inavuta imepungua karibu moja ya sita, na injini isiyo na turbo haina pa kuifidia. Nikasema moyoni: kama hewa ni nyembamba, basi nifungue mlango uwe mpana. Nikachukua mashine ndogo ya kusagia ya hewa, nikakwangua njia zote nne za kuingizia, nikashusha sakafu yake, nikapanua kuta, nikamalizia na msasa hadi nikauona uso wangu ndani. Usiku mbili. Sikumtoza hata franga moja. Nilimpa kama zawadi.

Na zawadi ile ndiyo iliyomchemshia maji Ngomo.

Nilimpelekea habari mzee wangu wa kazi, aliyenifundisha tangu nikiwa kijana wa kufagia garaji. Hakunigombeza. Aliingiza kidole katika tundu la kulasi, akakizungusha taratibu, akauliza: "Mwanangu, ulipima?"

"Nilipima, Mzee. Uso ulikuwa umepinda, nikausawazisha."

"Siulizi uso. Hewa, uliipima?"

Sikuwa na jibu. Akanishika mkono tukatoka nje, mahali ambapo kati ya mabati unaweza kuona kipande cha ziwa. "Ruzizi ikitoka pale," akasema, "iko nyembamba na ina nguvu. Ndiyo maana Wabelgiji waliweka turbini. Ikifika tambarare imepanuka, imelala, na mchanga wote inaangusha chini. Maji ni yale yale. Wewe umechukua mto wa juu ukaufanya mto wa chini."

Baadaye nilielewa kuwa maneno yale yalikuwa na vitu viwili ndani yake. Cha kwanza ni mwendo. Katika mzunguko wa chini, kama pale gari linapopanda limejaa gunia, pistoni inavuta polepole. Njia ikiwa nyembamba, hewa inapata mbio, na mbio zile zinaendelea kuisukuma ndani ya silinda hata pistoni inapoanza kurudi juu. Njia ikiwa pana, hewa inatembea tu, na supapu inachelewa kufunga wakati kitu kilichoingia kinaanza kurudi nje. Cha pili ni ule mchanga. Karburata haitoi mvuke mtupu, inatoa matone. Hewa yenye mbio hubeba matone. Hewa iliyolala huyaangusha ukutani, petroli inatiririka kwenye sakafu ya njia na kuingia silinda kama maji. Unapata moshi mweusi na nguvu huna. Kwenye tambarare, injini ikizunguka kwa kasi, njia zangu pana zilifanya kazi. Ndiyo maana dereva alisema Kamanyola inakimbia.

Nilimrudishia kulasi nyingine ya kuokota, iliyosawazishwa lakini haikuguswa mahali pengine, ili apate mkate wake. Ile niliyoiharibu nikaiweka kwenye rafu, kwani nilitaka inifundishe.

Ilinichukua karibu miezi minne kutengeneza kitu cha kupimia. Duniani vipo vya kununua, na kuna watu waliojenga jina lao lote juu ya kazi hii. Mwingereza Harry Weslake alikuwa anapima hewa katika kulasi miaka mingi kabla sijazaliwa, na injini za Jaguar zilipitia mikononi mwake. Mimi nilikuwa na mbao, silikoni, na mota tatu za mashine za kufyonza vumbi nilizozipata kwenye mitumba ya vifaa.

Sanduku nililigawanya vyumba viwili. Juu yake kuna bomba lenye kipenyo sawa na silinda ya injini, milimita 92, na kulasi inakaa juu ya bomba hilo kama inavyokaa juu ya bloku. Mota ziko mwisho wa sanduku, zinavuta. Hewa inaingia katika njia ya kulasi, inapita pembeni ya supapu, inashuka bombani hadi chumba cha kwanza, kisha inalazimika kupita katika tundu la duara kwenye bamba la chuma ili ifike chumba cha pili kwenye mota. Bamba lile mkereza mmoja jirani alilitoboa kwa mashine yake, ukingo mkali kama kisu upande ule hewa inakotoka, kwa sababu tundu la ukingo mkali tabia yake inajulikana na unaweza kulipigia hesabu. Halafu mabomba mawili ya plastiki yanayoonyesha ndani, yale yale ambayo waashi hutumia kupima usawa wa msingi, yenye maji ya rangi. Moja linaonyesha mvuto chini ya kulasi. La pili nilililaza kwenye mteremko, sentimita moja ya kupanda kwa kila kumi za urefu, ili mabadiliko madogo yaonekane makubwa. Hilo linaonyesha tofauti kati ya vyumba viwili. Tofauti ikikua, hewa inayopita ni nyingi.

Kazi ni kuweka mvuto uleule kila mara na kusoma bomba la pili. Wenye mashine kubwa hutumia mvuto wa inchi 28 za maji, yaani milimita 711. Mota zangu hazikufika huko, nilichagua 250. Ukitaka kulinganisha na takwimu za wengine unazidisha hewa yako kwa 1.69, ambayo ni kipeuo cha pili cha 711 gawanya kwa 250. Kwa kazi yangu sikuhitaji kulinganisha na mtu wa mbali. Nilihitaji kulinganisha kulasi ya jana na ya leo.

Sanduku lenyewe lilinidanganya mara tatu kabla halijaanza kusema kweli.

Mara ya kwanza niliziba juu kabisa kwa bamba zima, pasiwe na hewa ya kupita, nikawasha. Bomba la pili lingetakiwa libaki kwenye sifuri, likapanda milimita ishirini. Hewa ilikuwa inapenya kwenye maungio ya mbao. Silikoni, tena silikoni, hadi likatulia.

Mara ya pili ni umeme. Umeme wetu wa Bukavu unatoka Ruzizi, na jioni kila mtu akiwasha jiko unasikia mota zikibadilisha sauti, zinashusha pumzi. Nilipima kulasi moja saa nane mchana na tena saa moja jioni, nikapata majibu mawili tofauti, nikakesha nikitafuta kosa kwenye supapu. Kosa lilikuwa kwamba nilikuwa naangalia bomba la pili kwanza. Sasa nimeweka mlango wa pembeni unaoingiza hewa ya ziada kwa mota. Ninaanza nao ukiwa wazi nusu, umeme ukishuka naufunga kidogo hadi mvuto urudi 250 kamili, ndipo nasoma. Umeme ukikatika kabisa nawasha jenereta na kuanza upya ile supapu niliyokuwa naipima. Sichanganyi.

Mara ya tatu ndiyo iliyonifurahisha bure. Nilibandika udongo wa mfinyanzi kuzunguka mdomo wa njia, nikauviringisha kama mdomo wa tarumbeta, na hewa ikaongezeka papo hapo bila kugusa chuma. Nikaruka kwa furaha. Mzee akaniuliza, "Kwenye gari, udongo huu utaukaza na bolti gani?" Kwenye gari mdomo wa njia umeungana na manifoldi, yale mabomba yanayoleta hewa kutoka karburata, hewa haifiki pale ikitokea pande zote za chumba. Ukipima mdomo mtupu wenye ukingo mkali, unapima ukingo. Udongo ni lazima uwepo, lakini uwepo kwa kila kulasi, wa kabla na wa baada, kwa umbo lile lile. Hilo nimeliona likiwapotosha hata watu wenye vifaa bora kuliko vyangu.

Siku sanduku lilipotulia nikaishusha kulasi yangu iliyong'aa kutoka kwenye rafu. Pembeni nikaweka kulasi nyingine ya 22R isiyoguswa. Nilitoa springi ngumu nikaweka laini, nikaweka bolti ya kusukuma supapu na saa ya kupimia milimita juu yake, nikafungua milimita moja moja.

Milimita moja: sawa. Mbili: sawa. Tatu, nne, tano: yangu chini kidogo. Saba: sawa. Tisa: yangu juu, kidogo sana, unene wa mstari wa kalamu. Usiku mbili za kukwangua, na kitu pekee nilichopata kiko mwisho kabisa wa kufunguka, mahali supapu inapokaa muda mfupi.

Kulikuwa na sauti pia. Kulasi isiyoguswa ililia mfululizo, kama upepo kwenye pengo la mlango. Yangu, kuanzia milimita nne, ilikuwa inakwaruza, inakata na kurudi. Nikachukua waya mwembamba, nikafunga uzi wa pamba wa sentimita mbili kwenye ncha, nikauingiza polepole ndani ya njia mota zikivuta. Juu, kwenye dari, uzi ulinyooka kama umevutwa na mkono. Pembeni ulinyooka. Nikaushusha kwenye sakafu, pale njia inapokata kona ya ndani kuteremka kwenye supapu, na uzi ukaanza kuzunguka, kisha ukageuka ukaelekea nyuma, kwangu. Hewa ilikuwa inarudi. Nilibaki nimeushika waya ule sijui dakika ngapi.

Kona ile ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika kulasi. Nilipoishusha sakafu niliifanya kona iwe kali, na hewa yenye mbio haikati kona kali. Inaruka, inaiacha sakafu, na pale ilipoacha panabaki mzunguko mfu unaoziba njia. Kwa hiyo tundu langu pana lilikuwa jembamba kuliko la kiwandani, kwa hesabu ya hewa. Macho yaliona upana. Uzi uliona kweli.

Kwa nini hizo milimita za mwanzo zina uzito? Supapu haifunguki ghafla. Inapanda na kushuka, na kila ikipanda na kila ikishuka inapita milimita mbili, tatu, nne. Ile ya juu kabisa inaifikia mara moja tu. Halafu kuna hesabu rahisi: uwazi wa pembeni ya supapu ni mzingo wake mara urefu ilivyoinuka, na uwazi huo haulingani na duara la supapu yenyewe hadi iinuke robo ya kipenyo chake. Supapu ya milimita 44 inahitaji kuinuka 11. Kabla ya hapo mlango ni mdogo kuliko korido, na kupanua korido hakusaidii mtu aliyekwama mlangoni.

Mlango wenyewe ni kikalio cha supapu. Siyeji, tunavyosema. Hapo ndipo kazi yangu yote ilipohamia, na ningependa niseme kwa urefu maana ndipo garaji nyingi hupita mbio.

Kulasi isiyoguswa ilikuwa imesuguliwa kwa pasta ya kusagia supapu miaka na miaka. Kila fundi akiifungua anasugua, na kila akisugua kikalio kinapanuka na kuzama. Nilikuta upana karibu milimita 3, duara butu lenye shimo. Kabla ya kukata chochote nikashika supapu kwa shina na kuitikisa kwenye gidi yake, yaani bomba fupi ambamo shina linapita, ilicheza. Hapa niliwahi kukosea vibaya miaka ya nyuma: nilikata vikalio vizuri kabisa, halafu nikabadilisha gidi, na gidi mpya ikaja na katikati yake mpya, vikalio vyote vikawa kando. Kifaa cha kukatia kinaongozwa na fimbo inayoingia katika gidi, kwa hiyo gidi iliyolika inazaa kikalio kilichopinda. Gidi kwanza. Mkereza alinitengenezea za shaba nyeusi, tukaziingiza kulasi ikiwa ya moto, tukazisawazisha ndani hadi shina la supapu lilipita bila kucheza na bila kukwama.

Kisha nikakata. Nyuzi 45 ndio uso wenyewe ambao supapu inakalia. Juu yake nyuzi 30, kuelekea chumba cha moto, ili kuushusha ukingo wa nje. Chini yake nyuzi 60, kuelekea koo, ili kuula ukingo wa ndani. Kila mkato mwepesi, mikono miwili, kuzungusha bila kuegemea, kwa sababu ukiegemea kifaa kinatetemeka na kuacha mawimbi. Nilikuwa nazungusha mara tatu naangalia, mara tatu naangalia. Nikapaka bluu nyembamba kwenye supapu, nikaishusha, nikaigonga kidogo na kuizungusha robo. Ilipotoka, kulikuwa na pete ya bluu ya upana wa milimita 1.3, haikukatika popote, na iko katikati ya uso wa supapu, si ukingoni. Kwa supapu za kutolea moshi niliacha upana wa kama milimita 1.8. Zile zina moto mwingi na njia pekee ya kuutoa ni kupitia kikalio. Ukizipunguza sana zitaungua.

Chini ya nyuzi 60 nikalainisha koo, nikaondoa tu ngazi iliyoachwa kiwandani pale pete ya kikalio inapokutana na aluminiamu. Sakafu ya kona sikuigusa. Ndani ya njia nikapitisha msasa namba 80 basi, bila kung'arisha, maana ukuta wenye ukwaru mdogo unasaidia petroli iliyotua irudi hewani.

Nikairudisha kwenye sanduku. Milimita tano, mvuto 250. Kabla ya kukata, bomba la pili lilisoma 118. Baada, 131.

Nikamwambia Mzee asilimia kumi na moja. Akatikisa kichwa. "Hayo ni maji. Hewa inakwenda kwa kipeuo cha pili." Nikapiga tena: 131 gawanya 118, kipeuo cha pili chake, ni 1.054. Asilimia tano na nusu hivi. Nilisikitika kidogo, kisha nikafikiri: asilimia tano na nusu bila kupanua kitu, kwenye milimita ambazo injini inazitumia mara mbili kila mzunguko wa supapu. Katika hewa ambayo tumepungukiwa moja ya sita, hizo si kidogo.

Mengine nitayapita haraka. Nilipima ujazo wa kila chumba cha moto kwa bomba la sindano la duka la dawa na kipande cha plastiki angavu kilichobandikwa kwa grisi: vyumba viwili vilizidi vingine kwa karibu sentimita ya ujazo moja na nusu kwa sababu ya vikalio vilivyozama, nikavilinganisha. Nikaomba uso upunguzwe milimita 0.3 tu. Hesabu yake ni hii: silinda moja ya 22R ina sentimita za ujazo 591.6, na kwa mgandamizo wa 9 kwa 1 nafasi inayobaki juu ni kama 74. Kila milimita 0.1 inaondoa chini ya 0.7. Kwa hiyo 0.3 inakupeleka kama 9.2, ambayo hewa yetu nyembamba inaivumilia bila injini kugonga. Anayeongeza zaidi akumbuke kuwa kulasi ikishuka, mnyororo wa kamu, ile shafti inayofungua supapu, unabaki mrefu na kamu inachelewa. Na karburata nikaitia jikleri (kitundu kinachopimia petroli) ndogo kidogo, kwa sababu juu huku petroli inazidi hewa.

Jambo moja la uchungu: kiwanda kidogo kilichonisawazishia uso mara ya kwanza kiliniachia mistari iliyohisika kwa ukucha. Sikuiangalia kabla ya kufunga. Siku hizi napitisha ukucha mbele ya aliyefanya kazi, nikiwa bado kwake, na nikihisi mstari simlipi hadi arudie.

Nilifunga kulasi ile niliyoikata vikalio katika Hilux siku ya Jumatano. Ijumaa nikamwomba dereva nishuke naye Uvira. Alikubali bila kusema neno. Tulilala huko, asubuhi wakapakia magunia ya mchele na makarai ya ndagala hadi springi za nyuma zikalala, tukaondoka saa kumi na mbili kabla jua halijawa kali.

Kamanyola tulipita bila mazungumzo. Kona ya kwanza ya Ngomo akaingiza ya pili, mkono wake ukabaki juu ya gia, tayari. Nilikuwa naangalia sindano ya joto, sikuthubutu kuangalia uso wake. Kona ya pili. Ya tatu, ile yenye mawe, ambayo lori lililotutangulia lilikuwa limesimama na watu wanaweka kigingi chini ya tairi. Tukalipita pembeni. Injini ilikuwa inanguruma chini, nzito, haikati. Mkono wa dereva ukatoka kwenye gia, ukarudi kwenye usukani.

Karibu na juu kabisa, mahali unapoweza kugeuka na kuona tambarare yote imelala na Ruzizi ikijikunja katikati yake, akaniambia: "Mdogo wangu, fungua dirisha, huku kuna baridi nzuri."

Ukutani kwetu, kando ya sanduku, nimeandika kwa chaki kila kulasi iliyopita juu yake: gari, tarehe, milimita ya kufunguka, maji ya kabla na ya baada. Chaki imefika chini karibu na sakafu. Leo kuna kulasi ya Hiace. Supapu ya kuingizia ya silinda ya tatu inasoma 9 chini ya wenzake kuanzia milimita tatu tu, na uzi hauonyeshi kitu. Nadhani ni kikalio kilichozama, lakini sijathibitisha kwa bluu. Mchana umeme ukirudi nitaipima tena.